Dole la Kwanza

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa kwenye kitambulisho, na huko ndiko lilikolala usingizi wa pono. Saiti nzima ilimwita Dole. Alikuwa msimamizi wa ujenzi, mtu wa miaka hamsini na miwili, mwenye kitambi cha cheo na kofia ngumu ya bluu aliyoiandika MSIMAMIZI kwa rangi ya mlango, kwa mkono wake mwenyewe, asije akatokea mtu wa kuuliza.

Jina hilo lilizaliwa na sheria aliyoitunga yeye. Mhandisi, mwanamke mkimya aliyevaa kofia nyeupe na buti zilizojaa tope kuliko za vibarua, alipokabidhiwa lile jengo la ghorofa nne, jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kufungua grupu la kwenye simu. Alisema karatasi zinalowa, zinapotea, na kuna mchoro mmoja alioukuta umefungiwa karanga. Kuanzia hapo kila mabadiliko yangetumwa kwenye grupu. Shida ni kwamba nusu ya mafundi walikuwa na simu za tochi, zile zinazokaa na chaji wiki nzima na hazijui picha ni mnyama gani. Ndipo msimamizi wetu akapanda juu ya ndoo ya rangi na kuhutubia:

"Sikilizeni! Atakayepiga dole la kwanza kwenye ujumbe, huyo ndiye mjumbe. Atashuka, atapanda, atamtafuta fundi anayehusika ampe habari kwa mdomo. Nyie wengine laleni."

Wengine walitii, wakalala.

Ikawa mashindano. Mtunza stoo, mtu mpole aliyeanza kila siku kwa kutuma dua, picha ya waridi na video ya mbuzi anayecheza, ndiye aliyekuwa mpinzani wa karibu. Lakini hakumweza msimamizi. Simu ikilia tu, dole gumba la njano lilikuwa limeshasimama chini ya ujumbe kama mtu anayeomba lifti. Siku arobaini na moja mfululizo hakuna aliyemtangulia. Watu wakaanza kumwita Dole, naye akaitika kwa fahari, bila kujiuliza kama kuna mtu aliyewahi kusifiwa kwa kasi ya kidole na akaishia pazuri.

Zamani hakuwa hivyo. Zamani alikuwa mtu wa mluzi. Aliingia kwenye kazi ya ujenzi akiwa hana hata viatu, enzi zege likipandishwa juu kwa ndoo, kamba na kapi. Yeye alikaa chini kwenye kamba. Juu alikaa kijana mwembamba mwenye koleo la kukatia waya kiunoni. Mluzi mmoja, vuta. Miwili, simama. Mitatu, shusha. Na sheria ilikuwa moja, wala haikuhitaji ndoo ya kuhutubia: wa juu lazima arudishe mluzi uleule kabla kamba haijasogea. Mluzi usiojibiwa, kamba hailegezwi. Miaka mitatu ya kamba moja ilimpa msimamizi wetu vitu viwili, mabega na mke, kwa sababu kijana wa juu alikuwa na dada aliyekuja siku moja kumletea kaka yake ufunguo wa nyumba, akaukabidhi kwa mtu wa chini kwa kuwa kaka yuko juu. Ufunguo ulifika. Dada naye, baada ya miezi minane ya posa na vikao, akafika.

Kijana yule sasa alikuwa fundi nondo, mtu wa kusuka vyuma vinavyolala ndani ya zege kama mifupa ndani ya samaki. Aliitwa Koleo. Alikuwa na simu ya tochi, na alikuwa na shemeji msimamizi. Alijiona ana mawasiliano ya kutosha.

Ujumbe wenyewe uliingia Alhamisi jioni. Mhandisi alituma mchoro mpya wa slabu ya ghorofa ya pili, yaani ile sakafu ya zege iliyokuwa ikisubiri kumwagwa Jumamosi. Mwenye jengo alikuwa amehamisha ukuta wa chini, kwa hiyo tundu la kupitishia bomba la choo lilitakiwa lisogee mita moja na nusu kushoto. Maneno machache, mshale mwekundu, basi. Dole wakati huo alikuwa chooni, amejikalia zake, simu mkononi. Ikalia. Dole akapiga dole. Mtunza stoo akafuata kwa sekunde mbili. "Umechelewa, mzee," Dole alicheka peke yake, akafungua video ya mbuzi.

Hakuusoma ule ujumbe. Si usiku ule, si Ijumaa, ambapo ulishafunikwa na jumbe mia na ushee: dua, waridi, tangazo la kofia iliyopotea, mjadala mrefu kuhusu nani aliiba ndoo. Ijumaa hiyohiyo Koleo alikuwa juu, jua limemkalia mgongoni, akifunga nondo kuzunguka tundu la zamani, fundo baada ya fundo, kwa ustadi wa mtu anayefanya kosa ambalo hajui ni kosa. Dole alipita pale mara tatu. Mara ya tatu alimsifu.

Jumamosi wakamwaga zege. Jumatatu akaja fundi bomba.

Fundi bomba alikuwa mtu mfupi mwenye sauti ya mnadani. Aliteremsha kamba yenye kitu kizito kupitia lile tundu, akashuka kuona imeangukia wapi, kisha akapiga kelele zilizowatoa watu hata kwenye chai.

"Njooni muone maajabu! Huyu mpangaji wa chini atakuwa anakaa sebuleni kwake, anatazama taarifa ya habari, na katikati ya kochi na televisheni linashuka bomba la choo la jirani! Jamani, hii ni nyumba au ni adhabu?"

Watu walicheka. Dole alicheka nao, kwa muda mfupi. Kisha akaitoa simu, akapandisha, akapandisha, akavuka mbuzi na waridi, akaukuta mshale mwekundu, na chini yake dole lake, limesimama wima, la kwanza.

Mhandisi alifika baada ya nusu saa. Hakupayuka. Angepayuka ingekuwa nafuu.

"Nilituma Alhamisi," alisema. "Nani alipata ujumbe?"

Dole alikohoa. "Ulifika kwenye grupu, mhandisi."

Ilikuwa kweli tupu. Ulifika. Sentensi ilikuwa safi, imenyooka, haina hata mtu mmoja ndani yake.

"Sasa fundi nondo alifungaje tundu la zamani?"

"Hata mimi nashangaa," alisema Dole, na hiyo haikuwa kweli hata kidogo.

Koleo alikuwa amesimama hatua tatu tu kutoka hapo, waya ukining'inia mfukoni. Hakumtazama mhandisi. Alimtazama Dole. "Shemeji," aliuliza taratibu, "mchoro gani?"

Dole akaishika kofia yake, akairekebisha, ingawa ilikuwa imekaa sawasawa.

Mhandisi akamwambia Koleo arudi nyumbani kwanza hadi jambo lichunguzwe, kwa sababu fundi asiyefuata mchoro hawezi kugusa slabu ya tatu. Koleo akafungua mkanda wa vifaa, akaukunja vizuri, akaondoka bila kumuaga mtu. Alitembea kama anayehesabu hatua.

Jioni mke wa Dole aliweka chakula mezani, akakaa mbele yake, hakula.

"Kaka yangu karudishwa nyumbani."

"Nimesikia."

"Umesikia? Wewe si ndiye msimamizi? Au siku hizi habari za saiti unazipata redioni?"

"Mambo ya kazi, mama watoto. Yanachunguzwa."

"Kaka yangu hajawahi kukosea mchoro. Hata kitanda chetu alikifunga yeye, mpaka leo hakilii." Akamtazama. "Wewe ndiye unayelia ukigeuka juu yake."

Tangu siku ile chakula kilikuwa na ladha ya saruji, na simu ikilia alishtuka kama mdaiwa, hata ilipokuwa mbuzi tu.

Jumanne akafanya jambo baya zaidi, na alilifanya kwa utulivu, ameegemea rundo la mbao. Aliufungua ujumbe wa Alhamisi, akalibonyeza dole lake mara ya pili. Likatoweka. Hapakubaki kovu. Enzi za kamba mtu akikosea, mkono ulichubuka na kila mtu aliona. Siku hizi mtu anafuta dhambi kwa kidole kilekile alichotendea, na skrini inabaki inang'aa kama sahani ya bwana harusi. Alijiambia kwamba hakumdhuru mtu. Alijiambia mara tano. Ukweli haurudiwi mara tano.

Jumatano mhandisi aliita kikao juu ya slabu yenyewe. Walikuwa wanne: yeye, Dole, fundi bomba na mtunza stoo, aliyeitwa kwa ajili ya vifaa. Jua lilikuwa kali na zege lilirudisha joto miguuni. Mhandisi alichora kwa chaki mahali tundu lilipotakiwa kuwa.

"Njia ya kwanza?" aliuliza.

"Tupitishe bomba kwa kulilaza chini ya dari," alisema fundi bomba. "Lakini maji machafu yanataka mteremko. Likifika ukutani litakuwa limeshuka usawa wa paji la uso. Mpangaji mrefu ataoga bila kutaka."

"Njia ya pili, tutoboe hapa," mhandisi alisema. "Mashine tunayo. Zege si tatizo. Tatizo ni nondo. Tukikata chuma kikuu, slabu inapoteza uti wa mgongo."

"Si utazame mchoro," alisema mtunza stoo.

Mhandisi alitikisa kichwa. "Mchoro hautasaidia. Ijumaa nondo nene ziliisha. Nikamwambia Koleo kwa mdomo aweke mbili nyembamba badala ya moja nene, na nyingine za ziada, apange kulingana na nafasi. Mashine ya kuona chuma ndani ya zege inatoka mbali, wiki tatu." Akaitazama ile chaki. "Ramani ya kweli ya slabu hii ipo kichwani mwa mtu mmoja tu."

Na mtu huyo alikuwa kwake, amerudishwa kwa kosa la Dole.

"Kabla ya kumwita," mhandisi aliendelea, "nataka kujua kama aliambiwa au la. Sheria yenu ni dole la kwanza, siyo?" Akatoa simu, akapandisha. "La kwanza hapa ni la mtunza stoo."

Mtunza stoo akageuka rangi ya saruji yenyewe. "Mimi? Mhandisi, haki ya Mungu, mimi napiga dole kila kitu! Nilipiga hata kwenye tangazo la msiba, ikabidi niende kuomba msamaha! Mimi huwa wa pili, mimi kila siku ni wa pili, muulize..." Akamgeukia Dole. Macho yake yalikuwa ya mtu anayeomba ashikwe mkono kwenye ngazi.

Dole alihisi mkono wake ukipanda kuelekea kwenye kofia. Aliuona ukipanda. Akaurudisha chini, akaushikilia kwa mwingine.

"La kwanza lilikuwa langu," alisema.

"Silioni."

"Nililing'oa jana."

"Umeling'oa?" fundi bomba aliropoka. "Kwani jino?"

"Sikuusoma ujumbe. Nilipiga dole tu. Koleo hakuambiwa kitu na mtu yeyote. Aliponiuliza mchoro gani, nilijua tayari, nikanyamaza." Maneno yalitoka yakikwaruzana. "Mtunza stoo hana kosa. Koleo hana kosa."

Chini, mtu alikuwa akigonga mbao, ko, ko, ko, kama anayebisha hodi.

"Ulikuwa wapi ulipolipiga?" mhandisi aliuliza.

Dole alitamani slabu ifunguke, kwenye tundu lolote, jipya au la zamani. "Chooni."

Fundi bomba aling'ata mdomo, akapambana nao, akashindwa. "Basi kimekufuata, bosi. Choo kimekuja kudai chake."

Mhandisi hakucheka. Alikaa kwenye ukingo wa lile tundu, akavua kofia yake nyeupe. "Na mimi maagizo ya nondo sikuyaandika popote," alisema. "Nilianzisha grupu ili mambo yaandikwe, halafu lililo kubwa nikalisema kwa mdomo nikishuka ngazi. Na sikumpa Koleo hata nafasi ya kujibu." Akamtazama Dole. "Hilo halikupunguzii lako."

"Najua."

"Kuanzia leo humwagi zege mpaka fundi anayehusika akurudishie maagizo kwa maneno yake mwenyewe, na mimi nisikie. Sasa nenda kamlete. Usimpigie. Nenda."

Koleo alikuwa uani kwake akitengeneza banda la kuku kwa waya wa kufungia nondo. Kila fundo lilikuwa sawa na jingine. Kuku hawajawahi kukaa kwenye jengo imara namna ile.

"Karibu, shemeji," alisema bila kuinuka. "Au leo umekuja kama msimamizi?"

"Nimekuja kama mwizi."

Dole akaeleza yote akiwa amesimama, kwa sababu hakukaribishwa kiti. Alieleza dole, choo, ujumbe, kofia, dole kung'olewa. Koleo alifunga mafundo manne kabla ya kujibu.

"Hilo la kutosoma nakuelewa. Hata mimi barua za benki sisomi. Lakini nilikuuliza mbele ya watu, ukashika kofia."

"Nilishika kofia."

"Miaka mitatu kwenye kamba, shemeji. Ulipiga mluzi mara ngapi? Sijawahi kukuacha bila jibu hata mara moja. Hata siku ile nilipokuwa na homa na meno yanagongana, nilijibu. Juzi nimepiga mimi, mara moja tu." Akakata waya, tak. "Dada anajua?"

"Bado."

"Utamwambia wewe. Leo. Wala usinitume mimi, kazi ya mjumbe imekushinda."

"Nitamwambia."

"Kesho nakuja. Nakuja kwa ajili ya slabu. Slabu haina kosa."

Jioni ile Dole alimwambia mkewe, akiwa ameshika kikombe ambacho hakukinywa. Alisikilizwa hadi mwisho. Mke hakupandisha sauti. "Usiniombe msamaha mimi," alisema, "mimi sikutembea njia nzima na mkanda wa vifaa umekunjwa." Kisha akaanza adhabu ambayo hata hakimu asingeibuni. Dole akituma ujumbe kuwa amefika kazini, mke anajibu kwa dole. Akiuliza anunue nini, dole. Akiandika kwamba anampenda, jambo alilolifanya mara ya mwisho kabla simu hazijawa na rangi, dole, la njano, limesimama wima.

Alhamisi asubuhi Koleo alipanda ngazi, akapita katikati ya watu, akasalimia wote kwa pamoja ili asimsalimu mmoja. Alipiga magoti kwenye slabu akaanza kuchora kwa chaki. Hakupima mwanzoni. Alifumba macho, akasogeza mkono juu ya zege kama mtu anayepapasa mgongo wa mtoto aliyelala, akachora mstari, mwingine, mwingine. Kisha akapima. Tofauti ilikuwa upana wa kidole.

"Nondo kuu hapa na hapa. Ukitoboa mlikochora nyie, unakata mbili. Sogea sentimita kumi na nane huku, hugusi hata moja, unapita kati ya zile za ziada."

"Bomba linakubali sentimita kumi na nane?" mhandisi aliuliza.

Fundi bomba alipiga hesabu kwa midomo. "Linaingia kwenye kona ya kabati la chini. Mpangaji atapoteza nafasi ya fagio. Atasamehe."

Dole alitumwa chini, sebuleni kwa mpangaji asiyekuwepo bado, azuie watu wasipite. Alipewa redio ya mkononi. Nyingine walikuwa nazo mhandisi, fundi bomba, mtunza stoo na Koleo, na kila neno lilisikika kwa wote watano.

"Chini pako wazi?" Koleo aliuliza.

"Chini pako wazi," Dole alijibu. "Hakuna mtu ila mimi, na mimi niko ukutani."

Mashine ikanguruma. Maji ya kijivu yakaanza kutiririka kutoka darini, kisha pande la zege likalegea, likashikwa kwa waya, likainuliwa juu. Mwanga ukaingia, duara dogo kamili, ukaangukia sakafuni karibu na buti zake. Hakuna nondo kuu iliyoguswa. Juu watu walishangilia na fundi bomba akaanza kuimba vibaya.

Dole alikaa akilitazama lile duara. Kisha akabonyeza redio.

"Koleo. Shemeji. Nilikosa. Uliniuliza mbele za watu nikakuacha peke yako. Naomba radhi, nao wanasikia."

Kule juu nyimbo zilikatika. Redio ikakwaruza, ikanyamaza, ikakwaruza tena. Dole alingoja kama zamani, kamba ikiwa imekaza mikononi.

"Nimepokea," sauti ya Koleo ilisema. "Narudia. Umekosa. Uliniacha peke yangu. Unaomba radhi." Redio ikakwaruza. "Nimesikia, shemeji. Sijasema nimekubali. Sogea, tunamwaga maji mengine."

Dole akabonyeza tena.

"Nimepokea," alisema. "Umesikia. Hujakubali. Nasogea."

Akasogea.